Ukuta Uliopimwa kwa Ulimi

Shangazi yangu Nyanjige alifagia soko la Bariadi miaka kumi na mmoja bila kuyajali majivu. Kila jioni alichoma taka kwenye shimo lililo nyuma ya mabanda: maganda, magunzi, na pumba za mpunga zilizotupwa kutoka mashineni. Siku moja, baada ya mvua, alikuta jivu limeganda pale mafundi walipomwaga mabaki ya chokaa. Akalipiga jembe, jembe likaruka.

Wakati huo biashara ilikuwa imeachiwa huru. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, na simenti ilipatikana kwa Uledi tu, ambaye kila alipoamka aliamka na bei mpya. Kamati ya soko ilitaka choo kipya lakini simenti waliyoimudu ingeishia kwenye msingi. Shangazi akawaambia kuta zitapatikana kwa jivu la shimoni, chokaa, mchanga na simenti kidogo sana. Wakamwambia ajenge ukuta wa majaribio, wa kufika kifuani. Ukifaulu, kazi ya choo ni yake. Ukishindwa, aendelee kufagia.

Uledi ni Mzaramo, na Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani. Aliweza kumwambia shangazi lolote, na kukasirika hakuruhusiwi.

"Mwangaluka, mtani. Nasikia unawajengea watu choo cha takataka. Mtu akiingia atajuaje kama amefika chooni au bado yuko jalalani?"

"Wewe ukiingia litakuwa jalala," shangazi alimjibu, akiendelea kushindilia mchanganyiko kwenye kalibu ya matofali.

Ukuta ulisimama vizuri hadi siku ya mnada. Wafugaji kutoka Sapiwi walifunga ng'ombe wao karibu nao, na kufika saa sita ukuta ulikuwa na kiuno. Jivu lile lilikuwa na chumvi. Ng'ombe walilamba, na kila palipolowa mate palimomonyoka. Masunga, mwenye ng'ombe hao, alikuja kwa adabu zote, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, unauza kwa kipande? Dume langu lilikuwa halina hamu ya kula. Leo limechangamka."

Shangazi aliomba miezi miwili zaidi. Safari hii aliliosha jivu kabla ya kulitumia. Aliliweka kwenye pipa la maji, akalikoroga, akaliacha litulie, akamwaga maji ya juu. Alirudia hivyo, kila mara akionja maji kwa ncha ya ulimi, mpaka akakosa ladha. Sokoni wakasema Nyanjige sasa amefikia kula jalala. Matofali aliyafunika kwa magunia aliyoyalowesha kila siku kwa wiki nne, ndipo akajenga.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ngeleja, akaamua kwamba ukuta wa kwanza waliuharibu ng'ombe, kwa hiyo na wa pili waupime ng'ombe.

Alfajiri ya siku ya kupima, Uledi aliloweka chumvi ya dukani kwenye ndoo, akaupaka ukuta mzima. Shangazi alipofika aliona michirizi myeupe ikikauka. Akagusa kwa kidole, akaonja, akaelewa. Kitambaa chenye maji alikuwa nacho begani, na wajumbe wa kamati walikuwa bado hawajafika. Badala ya kuufuta ukuta, akamfuata Masunga.

"Usilete mmoja," alimwambia. "Leta watatu, wenye njaa ya chumvi."

Ng'ombe walilamba asubuhi nzima, wakasukumana, wakapigana pembe. Uledi alikaa kwenye kigoda akinywa kahawa.

"Mtani, wanakupenda hao," alisema. "Kesho waanzishie mgahawa."

Shangazi alichuchumaa karibu na ukuta, akikagua kila palipolowa mate.

Karibu na saa sita ng'ombe wa kwanza aligeuka akatafuta majani. Wa pili akamfuata. Wa tatu alilamba mara moja zaidi, akauangalia ukuta kama mtu aliyedanganywa, akaondoka. Mzee Ngeleja alipapasa, kisha akakwangua kwa ufunguo. Palibaki mstari unaong'aa. Kilichosagika kilikuwa chuma cha ufunguo.

Hapo Fatu, mke wa Uledi, akatokeza mbele na ndoo iliyoganda chumvi.

"Mwenyekiti, naomba aliyeichafua ndoo hii aioshe mwenyewe. Chumvi yote ya dukani imekuja huku, nyumbani leo hatukubakiwa hata ya mboga."

Watu walicheka mpaka wauza nyanya wakaacha meza zao. Uledi aliipokea ndoo, akaenda kuiosha.

Mzee Ngeleja alifungua daftari la kamati akaandika kwamba ukuta umefaulu na Nyanjige aanze choo Jumatatu. Kulikuwa na nafasi ya kujaza ukaguzi umefanywa na nani. Aliwatazama ng'ombe, akaandika "wajumbe watatu", majina akayaacha. Nakala yake ilikwenda wilayani, ikarudi na muhuri.