Kasri Lisilo na Mwenyeji

Kwa miaka mingi nilikana kwamba ninalitamani kasri lile. Aliyeniuliza nilimwambia ni mambo ya utafiti, kwamba mtu wa kalamu anapaswa kujua wengine wanavyojenga. Ukweli ni kwamba nililiona kwenye kalenda, sebuleni kwa mama yangu kijijini Shianda, nikiwa msichana wa shule ya msingi, na tangu siku hiyo sijapona.

Ni kasri la kale huko Japani, jeupe, mapaa yake yamepandana kama mabawa. Wenyeji hulifananisha na yangeyange. Niliposoma hilo, ukubwani, nilitoka nje kuwatazama yangeyange wetu wakifuata ng'ombe wa jirani, nikajiona mpumbavu kwa kusimama pale hadi ng'ombe wakaondoka.

Mwaka huu niliamua kwenda, mwezi wa Aprili, miti ya bustani yake inapochanua. Nilikuwa nimesoma kwamba ngazi za ndani ni za mbao, zimesimama karibu wima, na wageni huzipanda bila viatu. Basi nikaanza mazoezi. Naishi Shirere, katika ghorofa lililojaa wanafunzi, na kila asubuhi walinikuta nikipanda kwa soksi, nimeshika ukuta, nahema.

"Madam, lifti imeharibika?" mmoja aliniuliza. Jengo letu halijawahi kuwa na lifti.

"Mwache," mwenzake akasema. "Anaenda mbinguni kwa awamu."

Alibaki mama. Nina shahada mbili na mvi za kutosha, lakini kwetu msafiri wa mbali haondoki kabla mama hajamwekea mkono kichwani na kumwombea. Nilimpelekea habari pamoja na sukari na majani ya chai.

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ya mabwana wa zamani, mama. Walikufa kitambo sana."

"Na watoto wao?"

"Hakuna anayeishi mle."

Akaweka kikombe chini. "Mtu haendangi kwa boma ya watu kama hakuna wa kumpokea. Nani atakwambia karibu? Nani atakupa kiti?"

"Mama, ni kutembea tu. Hata msitu wetu wa Kakamega, wageni wanatoka mbali kuuona."

"Msitu hauna sebule. Mimi siombei mtu anaenda kuzurura kwa nyumba ya marehemu."

Nilirudi Shirere bila baraka, nikaacha ngazi. Kila jioni nilifungua picha za kasri kwenye simu, nikazifunga, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Ningeweza kwenda hivyo hivyo, wengi huenda. Lakini nilijijua. Ningepanda zile mbao kama mwizi, nikisikiliza nyuma.

Jumapili mama akapiga simu. Nyuma yake nilisikia kelele za wanawake wenzake wa kanisani.

"Pale kwa lango kuna mtu?"

"Lango gani, mama?"

"La hiyo nyumba yako ya Japani."

"Wapo wanaokagua tiketi."

"Mgeni akiingia wanafanya nini?"

Nilikuwa nimetazama video nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. "Wanainama. Wanasema karibu."

Nikamsikia akiwageukia wenzake: "Anasema wanainama!" Wakaguna pamoja kwa kuridhika, kama wazee wa baraza. Akanirudia.

"Basi kuna wenyeji. Kuja Jumamosi nikuombee. Na usiende kwa watu mikono mitupu."