Siku Nne Nilizoficha Pasipoti

Habari kwamba nchi yetu inajitoa kwenye Jumuiya ilinikuta nimekaa juu ya kreti tupu kwenye banda la matunda, Makambako, nafuta parachichi kwa kitambaa. Haikutoka redioni wala serikalini. Ilikuwa klipu ya sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu, mwanamume asiyejitambulisha anaongea haraka haraka: tumechoka kuonewa na majirani, wakubwa wamekwisha kukubaliana, tunatoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mpaka wa kaskazini utafungwa mwisho wa mwezi. Ilipokwisha, mwenzangu mmoja akaicheza tena. Kisha wote kwenye banda lile wakaacha kazi wakanitazama mimi.

Walinitazama kwa sababu mume wangu ni Mkenya. Alikuja Njombe miaka minane iliyopita kununua parachichi, wakati ule ambao kwao uvunaji huwa umefungwa, akapata mzigo na mke. Wenzangu hunitania kwamba nilichumwa nikiwa bado sijakomaa. Siku hiyo hakuna aliyetania.

"Sasa shemeji itakuwaje?" akauliza yule mwenye simu.

Nikamjibu kwa ukali kwamba klipu si sheria, na kwamba kama hana kazi aende akalale. Nikarudi kufuta parachichi lile lile nililokwisha kulifuta. Sijawahi kusoma mkataba wa Jumuiya hata ukurasa mmoja. Nilichojua ni kwamba mume wangu akifika Namanga anagongewa mhuri bila kulipia viza, na lori lake linavuka na matunda yakiwa bado magumu. Na kwamba binti yetu, aliyekuwa darasa la pili, ana babu na bibi upande wa pili ambao huwaona kila Desemba. Hayo yote yalikaa juu ya Jumuiya, na sasa mtu asiye na jina anasema Jumuiya yenyewe haipo.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilikuwa nausema msemo huo kwa mambo ya watu. Kabla ya jua kushuka mawakala wawili walikuwa wamewapigia wakulima wao kuwaambia wasichume tena hadi hali ijulikane. Mzee mmoja kutoka njia ya Ludewa alifika na mzigo aliokwisha kuchuma asubuhi, akazunguka mabanda matatu, kila mahali wakamwambia subiri. Parachichi likiwa mtini linasubiri, likishachumwa halisubiri mtu. Pale dukani kwa jirani nikasikia kijana mmoja akisema kwa sauti, akijua napita, kwamba ni vizuri, hao Wakenya warudi wakanunue kwao. Mtu huyo tulimpa maji harusini kwetu. Nikapita kama sikusikia.

Jumapili nilikwenda kijijini kwa mama, nje kidogo ya mji wa Njombe, nikasali naye. Nilitaka aniambie ni uongo. Mama hana simu ya kupokea klipu, lakini habari alikuwa nayo, alishaipata kanisani kabla hata ya mahubiri. Tulikaa jikoni, mvua inapiga mabati, akawa anachambua maharage bila kuniangalia.

"Mume wako yuko wapi?"

"Makambako. Kesho anaondoka na lori kwenda Namanga."

Akaacha maharage. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, na habari za kaka yake nilikuwa nimezisikia vipande vipande tu, kwa mashangazi. Siku hiyo ndiyo aliponisimulia yote. Kaka yake alikuwa fundi wa reli Nairobi, enzi ile reli ilikuwa moja, posta moja, na watu wa huku walikwenda kufanya kazi kule kama mtu anavyokwenda Iringa. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, mpaka ukafungwa yeye akiwa kule. Zilifika barua mbili. Ya tatu bibi aliisubiri mpaka akawa anamsalimia kila mgeni kwa kumwuliza kama ametokea posta.

"Mpaka ulikuja kufunguliwa, mama," nikasema. "Nilisoma shuleni."

"Ulifunguliwa. Bibi yako alikuwa kaburini."

"Na mjomba?"

"Hakurudi. Kama alikufa hatujui. Kama alipata watu wengine hatujui." Akaniangalia sasa. "Mwanangu, usimwache avuke. Walituambia ni mambo ya wakubwa, yatakwisha wiki ijayo. Mpaka haugongi kengele ukitaka kufungwa."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilijua hivyo, nikajiambia mama ameona unyasi. Lakini nilipokuwa narudi Makambako nilihesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi. Nilimwona binti yangu akikua na baba wa kwenye simu. Nilijiona mimi mwenyewe nawauliza wageni kama wametokea posta.

Mume wangu alikuwa amelala, koti lake limetundikwa mlangoni. Pasipoti alikuwa anaiweka mfuko wa ndani, na karatasi ya kibali chake cha biashara ameikunja katikati yake. Niliichukua. Kitabu changu cha nyimbo nimekivisha kava la ngozi lenye zipu, kama akina mama wengi wa usharika wetu, nikaipachika humo, nikafunga zipu, nikakirudisha kwenye mkoba. Niliiambia nafsi yangu: siku mbili tu, mpaka tujue ukweli. Halafu nikaenda kupika.

Jumatatu asubuhi aliitafuta. Aligeuza koti, akagusa juu ya kabati, akainua godoro. Kiswahili chake hakijawahi kuhama kwao, na kawaida mimi humwiga nikacheka.

"Hiyo pasi nimeweka tu hapa kwa mfuko ya koti. Haiko kwa mkoba yako?"

Nikamwaga mkoba kitandani mbele yake. Funguo, kanga, mafuta ya mikono ya binti yetu, kitabu cha nyimbo. Kitabu alikisogeza pembeni kwa vidole viwili, kwa heshima, hakukifungua. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa kitanda. Aliniomba radhi kwa usumbufu. Mtu niliyemwibia aliniomba radhi.

Lori halikuondoka. Lingeweza kwenda bila yeye, lakini mzigo uliandikwa kwa jina lake na bila yeye usingevushwa. Matunda yalikaa kwenye kreti Jumatatu, yakakaa Jumanne, na kila nikipita nilikuwa nabonyeza moja kwa kidole gumba. Yalianza kulegea. Klipu nazo ziliongezeka. Moja inasema mpaka umeshafungwa, nyingine inasema wageni wote wataandikishwa kata kwa kata. Mimi nilikuwa naogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, kwamba ni kweli na kwamba ni uongo. Ikiwa kweli, nampoteza. Ikiwa uongo, nitamwambia nini?

Jumanne jioni alisema, "Kesho lazima niende polisi niripoti imepotea." Nikasema ndiyo, ni vizuri. Nilipanga kuiweka chini ya kiti cha lori asubuhi, aikute mwenyewe amshukuru Mungu. Nilifurahi kwa huo ujanja wangu, na nilipata usingizi.

Asubuhi ya Jumatano watu wa uhamiaji walitangulia. Walikuja wawili, na sikatai, walikuja kwa adabu. Walisema wanapita kwa wafanyabiashara wote wa kigeni kukagua karatasi kwa sababu kuna maneno mengi mtaani, na wanataka kujua nani ni nani. Mwenye banda jirani, Mkenya naye, alitoa pasipoti yake, wakaitazama, wakamrudishia na kumtakia kazi njema. Haikuchukua hata dakika tano.

"Yangu imepotea, afande," mume wangu akasema. "Tangu Jumatatu."

"Umeripoti wapi?"

"Nilikuwa niende leo."

Maofisa wakatazamana. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwao, mkoba begani, na mkono wangu juu ya mkoba. Nilikuwa na kila kitu walichokihitaji. Wanawake wote wa banda walikuwa wameacha kazi, na yule kijana wa dukani alikuwa amesogea kuangalia. Ningesema nini? Ninayo? Nilimfichia mume wangu kwenye nyimbo za Bwana? Mdomo ulikuwa mzito. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa aibu au woga, na kila nikijiuliza napata jibu tofauti. Alipanda gari lao mwenyewe, bila kushikwa. Kabla mlango haujafungwa aliniambia, "Usijali, mama watoto. Ni kuandikisha tu." Gari likashika barabara ya Njombe.

Nikakaa chini kwenye majani ya kufungia mzigo, nikampigia jirani wa mama ili ampe simu.

"Mama, wamemchukua. Pasipoti ninayo mimi. Niliificha."

Nikasikia mvua ya kwao kwenye simu.

"Wamempeleka wapi?"

"Njombe."

"Basi yuko huku," mama akasema. "Afadhali yuko huku."

Nilikata simu bila kuaga. Kilichoniogopesha si kwamba mama alisema maneno hayo. Nilikuwa nimeshayawaza kabla yake, pale pale gari lilipogeuka: akifungiwa Njombe, basi havuki. Nilijisikia baridi mpaka kwenye meno. Nikainuka, nikapanda gari la kwanza la Njombe.

Njiani nilifanya mazoezi ya uongo wangu. Nimeikuta chini ya godoro. Hapana, godoro aliliinua. Nimeikuta kwa fundi cherehani, kwenye koti lingine. Hana koti lingine. Kila uongo nilioushika ulikuwa umeshapekuliwa naye kwa mikono yake. Nilipofika ofisini nilikuwa nimechoka kutunga. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, viganja juu ya magoti, anasubiri kama mtu wa hospitali. Nilimpita bila kumwangalia, nikafungua zipu, nikaweka pasipoti mezani.

"Nimeipata," nikasema.

Ofisa aliikagua ukurasa kwa ukurasa, akafungua ile karatasi ya kibali, akalinganisha picha na uso. Akauliza ilikuwa wapi.

"Kwenye kitabu cha nyimbo."

Akacheka kidogo. "Mama ulikuwa unamwombea safari." Akampa mume wangu pasipoti yake na kumwonya asitembee bila hiyo, hasa siku hizi. Nilimwuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli tunajitoa. Alisema yeye hajaona barua yoyote ya namna hiyo, wala mpaka haujafungwa, malori yanapita, na kama yeye angefuata klipu angekwisha kuzikwa mara tatu. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia kile kitabu mkononi mwangu, kilichokuwa kitandani pale Jumatatu, alichokisogeza kwa vidole viwili.

Tulitoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, watu wanapita wamejifunika mablanketi. Tulisimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na nilianza kumweleza habari za mjomba, na barua mbili, na bibi, maneno yanagongana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye si mtu wa kufoka, na siku hiyo nilitamani afoke.

"Ungeniambia tu unaogopa," akasema.

"Ungekwenda hivyo hivyo."

"Ningeenda. Na ningerudi." Akaitazama pasipoti, akaiingiza mfukoni. "Mimi huku nje naogopa kila siku. Wakinisalimia naogopa, wakinyamaza naogopa. Kwa nyumba ndio nilikuwa siogopi."

Tukapanda gari la kurudi Makambako. Kesho yake tulichagua matunda yaliyokuwa bado magumu, yakawa chini ya nusu ya mzigo. Yaliyolegea tuliwagawia majirani, na yule kijana wa dukani alichukua ndoo mbili. Alhamisi mchana lori liliondoka na mume wangu akiwa ndani. Mwisho wa mwezi ule ulifika, na hakuna nchi iliyojitoa. Mawakala walirudi kununua kama vile hawakuwahi kukimbia, ila kwa bei ya chini, wakisema hali bado haijaeleweka. Mzee wa njia ya Ludewa hakurudi kwetu. Nilisikia alikata miti ishirini ya mwanzo akapanda viazi.

Siku zote tisa za safari ile mume wangu alinipigia simu, asubuhi na jioni. Aliuliza habari za mtoto, za mvua, za banda. Aliponiambia amevuka mpaka salama nililia, akasubiri nimalize.

Alirudi Jumamosi alasiri. Nilikuwa ndani napiga pasi sare ya binti yetu. Tangu mtoto azaliwe mume wangu huingia nyumbani kwa kusukuma mlango kwa bega huku anaita jina la mtoto tangu barabarani, mpaka mbwa wa jirani huanza kubweka. Siku hiyo nilisikia hatua zikifika kibarazani zikasimama. Mlango ulikuwa wazi nusu, nilikiona kivuli chake sakafuni.

"Hodi," akasema.

Nilishika pasi juu, moto unanipiga usoni, nikasubiri acheke ili nijue ni utani. Hakucheka. Alikuwa amesimama pale, nje ya nyumba yake, anangoja ruhusa yangu.