Mbwa Wawili Mbele ya Kuku wa Nyanya

Harufu ya mifupa ya ng'ombe ikichemka pamoja na unga wa mahindi, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine wanakumbuka maandazi, mimi nakumbuka chakula cha mbwa. Baba alirudi nayo mwilini kila jioni kutoka Karen, mtaa wa matajiri, alikokuwa mtunza mbwa wa Kalasinga mmoja mzee mwenye duka la mbao mjini. Hata akioga kwa sabuni ya kipande, harufu ilibaki kwenye mikono ya shati. Sisi tulikaa Mutuini, kwenye kishamba tulichokodi, watu wa kutoka magharibi tuliofuata kazi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo nikipotea njia katika kusimulia, nivumilie tu, huwa narudi.

Mbwa wenyewe walikuwa wawili, wote wa kuwinda ndege. Moti alikuwa pointa, mweupe mwenye madoa ya rangi ya kahawa, nywele fupi, mbavu nje ingawa alikula kunishinda. Rani alikuwa seta, mwekundu kama udongo wa Mutuini baada ya mvua, manyoya yakimning'inia miguuni kama pindo la gauni. Nani alikuwa na nguvu zaidi? Ungechoka wewe kabla hujapata jibu. Walitaka kukimbia asubuhi, na jioni wakataka tena, na siku ya mvua wakifungiwa walitafuna viti vya mwenyewe. Tofauti yao ni kwamba Moti alikimbia mbali kisha akarudi kukutazama kama bado upo, ilhali Rani akikimbia alikusahau kabisa. Siku ambazo baba alinichukua kwenda naye, Moti alikuwa akiniwekea kidevu pajani. Sasa mtoto wa umri ule, mbwa akimwekea kidevu pajani, amekwisha.

Yule mzee miguu ilipoanza kumkataa, aliamua kuhamia ghorofani kwa mwanawe, ambako hata paka hakuruhusiwa. Akamwambia baba achukue mbwa mmoja awe wake. Mmoja, kwa sababu alijua kishamba chetu na sufuria yetu. Wa pili angedungwa sindano na daktari wa mifugo siku ya Jumatatu, maana mzee aliapa kuwa hatakufa akisikia mbwa wake amefungwa kwa waya uani kwa mtu. Mimi simwiti mbaya. Baba alisema aliyatamka hayo akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Lakini kwetu kuchagua hakukuwa kwa baba. Mbwa ni wa anayempa chakula, na chakula kilitoka jikoni kwa nyanya, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye kuku wengi na maneno mengi. Watu wetu na kuku unatujua. Kuku ni heshima ya mgeni, ni karo, ni njia ya kuomba radhi bila kufungua mdomo. Na sasa baba analeta nyumbani mbwa wa kuwinda ndege! Nyanya akasema atawapima kama babu zake walivyopima: unamfungulia mbwa kuku mwenye vifaranga, anayekurupuka hana kwake. Mama akachokoza kwamba mchagua jembe si mkulima. Nyanya akamjibu kuwa jembe haliibi kuku.

Jumapili baada ya kanisa majirani walijaa uani kama kuna harusi. Baba aliwashika mbwa kwa minyororo, akaiachia. Nyanya akafunua tenga. Kuku akatoka na watoto wake wakichakura, na hakuna mbwa aliyekurupuka. Moti alisimama kama amepigwa msumari, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka, hapepesi macho. Rani naye alishuka taratibu mpaka tumbo likagusa ardhi, kidevu kwenye nyasi, kimya.

"Yule mweupe anahesabu kuku wangu," nyanya akasema. "Tazama jicho. Lakini huyu mwekundu amepiga magoti. Mwanangu, tuachie huyu mwenye adabu."

Watu wakacheka, wakakubali. Ndipo nikamtazama baba. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, mmoja umeukamata mwingine kwa nguvu. Mimi nilijua, kwa sababu nilishawaona porini nyuma ya Karen. Wale mbwa walikuwa wanasema neno moja, kila mmoja kwa namna yake: ndege hawa hapa. Mwindaji akipiga makofi, mbwa wote wawili wanaruka kukamata. Nikafungua mdomo ili nimtetee Moti. Baba akanitazama, nikaufunga.

Moti alirudi Karen jioni ile akitembea mbele, akigeuka kila mara kumtazama baba kama bado yupo. Jumatatu baba alirudi na mnyororo mtupu, akautundika nyuma ya mlango, akasema hana njaa.

Umdhaniaye ndiye siye. Wiki kadhaa zikapita, baba hana kazi, kila alfajiri anakimbia na Rani mpaka ukingoni mwa msitu ili mchana mbwa atulie. Kisha siku moja Rani amelala mbele ya jogoo kwa adabu zake zile, mama akakung'uta unga mikononi, makofi mawili. Rani akafyatuka. Akamkamata jogoo, akampeleka hadi kwa nyanya, akamlaza mapajani mwake, mzima, hana hata unyoya uliovunjika.

Nyanya alimgeuzageuza yule jogoo akitafuta jeraha. "Na yule mweupe?" akauliza.

"Naye ni hivyohivyo, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, ungewakataa wote wawili."

Jioni nyanya akamchinja yule jogoo, ingawa hakuwa na kosa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na nimeona watu wakinuniana mwaka mzima kwa ajili yake. Baba aliichukua ya kwake akampa Rani, mbele ya wote. Nyanya akatazama pembeni, akauliza kama chumvi imetosha.

Siku hizi Mutuini ni nyumba za kupanga, na pale kuku walipochakura pameanikwa nguo za watu nisiowajua. Huko Karen vijana wanalipwa kutembeza mbwa kando ya lami. Majuzi mjukuu wangu alikuja kutoka Riruta na simu yake, anataka mbwa wa kuwinda, na hana hata pa kumkimbizia. Akanionyesha aina mbili, huyu ana mbio hivi, yule ana akili vile, akaniomba nimchagulie. Nikamuuliza, yule utakayemwacha ataenda wapi?

Akacheka. "Shosho, huyo ni wa kwenye simu tu. Haendi popote."

Akamsukuma mbwa mmoja kwa kidole, mbwa akapotea kwenye kioo. Sikuwahi hata kumwona vizuri.