Mkono wa Kupimia Wembe

"Kwenye kiti changu mtu haondoki na kitu asichokuja nacho, labda sura!" Kinyozi aliyasema hayo kwa kipaza sauti, kwenye harusi ya jirani, alipoombwa tu awatakie maharusi heri. Ukumbi ulicheka. Bwana harusi akajishika kidevu.

Mdomo wake ulichapa kazi kuliko mashine zake. Na alikuwa na mtindo wake peke yake: kabla ya kumchonga mtu ndevu, aliupitisha wembe kwanza juu ya mkono wake wa kushoto, vinyweleo vidondoke, mteja aone kwa macho kwamba unakata. Wembe mmoja ulihudumia videvu kadhaa. Katikati aliufuta kwa spiriti, chap, kama mtu anayefuta miwani. Mkono wenyewe ulijaa mikwaruzo utadhani ukuta wa chekechea.

Siku moja akaenda kuchangia damu, shati limepigwa pasi hadi linakata. Majibu yalipotoka, muuguzi alimwita chumba cha pembeni na kufunga mlango.

"Kaka, damu yako hatuwezi kuitumia. Una homa ya ini, aina B."

"Ini? Dada, mimi hata pombe sinywi!"

"Hiki ni kirusi, hakijali unakunywa nini. Kinapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Wengi wanakaa nacho miaka bila kujisikia chochote."

Mwingine angelia. Kinyozi aliuliza. Kula sahani moja? Hapana. Kupeana mikono? Hapana. Kukohoa? Hapana, kaka. Wembe?

Muuguzi akautazama ule mkono. "Hapo umepigana na paka?"

Alipoelezwa ule mtindo, dada wa watu alishika kichwa. "Damu ikikauka, hata usiione, kirusi kinaweza kukaa hai wiki nzima. Wewe na hiyo spiriti yako ulikuwa unakipangusa jasho tu."

"Sasa nani kaniambukiza?"

"Huenda mteja. Huenda ulizaliwa nacho. Hakuna kipimo cha kumtaja mtu jina."

"Na mimi nimemwambukiza nani?"

"Una mke?"

Kinyozi akainuka, akaenda moja kwa moja nyumbani.

Mkewe, fundi cherehani, alimsikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. "Yaani mume wangu, mji mzima ulikuwa unapimiwa wembe kwenye mwili wako?" Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Kesho twende wote."

Kwenye benchi la maabara Kinyozi hakutulia. Alimuuliza mpimaji kila kitu: hicho kijiti kinasomaje, mstari mmoja maana yake nini, ukiwa hafifu je?

"Baba, niache nisome basi," mpimaji akasema. Akasoma. "Mama hana."

Kinyozi alikaa chini sakafuni na shati lake jeupe.

"Hana kirusi, ila hana kinga pia," muuguzi akaongeza. "Achanjwe, sindano tatu. Mpaka amalize, mtumie kondomu. Wewe tutakuwa tunaliangalia ini lako. Ikibidi, dawa zipo."

"Na wateja wako?" mkewe akauliza.

"Nitawaambia wote wakapime. Na kuanzia leo kila mtu wembe wake, mpya, aufungue mwenyewe."

"Na mkono?"

"Mkono umestaafu."

Wakaenda dirisha la malipo. Bango lilisema: chanjo ya mtoto ni bure. Ya mtu mzima, kila sindano elfu ishirini na tano. Kinyozi akazidisha kwa tatu, akatoa pochi.