Mvi Zilimruka Mama

Mwanafunzi wa darasa la tatu ndiye aliyeniletea habari. Nilikuwa nimeinama mezani nikisahihisha daftari lake la hesabu, naye amesimama kando yangu, karibu hadi pumzi yake inanifikia sikioni. Nikahisi kidole kikigusa utosi wangu.

"Mwalimu, kuna uzi kwa kichwa yako," akasema, na kabla sijamjibu akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena, safari hii kwa bidii, hata machozi yakanilenga. "Yawa! Imeshikana!"

Darasa zima likacheka. Nilimrudishia daftari nikamwambia akakae, kisha nikaendelea kusahihisha kana kwamba hakuna lililotokea. Wakati wa mapumziko nikaingia choo cha walimu na kutoa kioo kidogo mkobani. Ulikuwa unywele mmoja tu, mnene, mweupe, umesimama wima kati ya wenzake waliolala. Ulikuwa mwaka ule tuliokula unga wa njano, themanini na nne, nami nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nikaung'oa, nikaukunja ndani ya karatasi na kwenda nao nyumbani Migosi kumwonyesha mume wangu.

Yeye alikuwa fundi wa injini za maboti, na upara ulikuwa umeshamfika nyuma ya masikio. Akaugeuza ule unywele kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua kipuri.

"Shukuru Mungu," akasema. "Zako zinabadilisha rangi tu. Zangu zilihama bila kuaga."

Nilicheka. Lakini kufikia mwaka wa nne mvi zilikuwa zimechukua upande wote wa mbele, kutoka paji la uso hadi katikati ya kichwa, na kicheko kilikuwa kimepungua.

Hapo ndipo Mama alipokuja kupimwa macho. Mama alikuwa akiishi ufuoni mwa ziwa, upande wa Asembo, ambako aliuza samaki wa kukausha mpaka magoti yakamkatalia. Alikuwa karibu miaka sabini, mfupi, mwepesi wa kutembea licha ya magoti hayo, na kichwa chake kilikuwa cheusi ti, hakina hata mvi moja. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Mama yako ni mama yako; hukai ukihesabu nywele zake.

Nilimpeleka kliniki moja mjini. Tukapanga foleni kwenye benchi, na zamu yetu ilipofika muuguzi akatoka na kadi mkononi, msichana mchangamfu mwenye sauti tamu. Alitutazama, akatabasamu, akanishika mkono mimi.

"Karibu, dani," akaniambia, akitumia neno letu la kumwita bibi. "Inuka polepole, usiogope. Hapa hakuna sindano." Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe umefanya vizuri sana kumleta mzazi. Wengine wanawaacha tu huko reserve, kijijini."

Nilifungua mdomo. Mama akanifinya kiwiko.

"Ndiyo, daktari," akasema Mama kwa unyenyekevu mkubwa. "Mwangalie vizuri. Ni mbishi, lakini haoni."

Nilikalishwa kwenye kiti, nikafunikwa jicho moja, nikaonyeshwa herufi ukutani. Nilizisoma zote hadi mstari wa mwisho, haraka, kwa hasira. Muuguzi akashangaa akatazama kadi yake. "Miaka sabini! Na unaona kunishinda mimi!" Hapo Mama akashindwa kujizuia. Alicheka hadi akakaa sakafuni, leso mdomoni, mabega yakitikisika, na ilibidi nimweleze muuguzi mimi mwenyewe kwamba mgonjwa ni yule aliye chini.

Yule binti aliomba radhi mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Mama alikipeleka kisa hicho kila mahali. Aliwasimulia majirani zangu Migosi, akamsimulia mama wa mboga, na alipopanda basi la kurudi nyumbani nilimwona kupitia dirishani ameshaanza kumsimulia jirani yake wa kiti. Nami nilicheka kila mara, ili nisionekane nimeumia.

Basi lilipoondoka, nilikwenda moja kwa moja hadi duka dogo karibu na soko la Jubilee. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu, mtaratibu. Nilimnong'oneza kwamba nataka rangi ya nywele, nyeusi. Hakuuliza ni ya nani. Alikifunga kile kipakiti ndani ya gazeti, akanipa na kunitazama machoni. "Usikae nayo sana kichwani, mama," akasema.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mteja wake. Kila Jumamosi ya tatu nilijifungia bafuni asubuhi, nikakoroga ule unga na maji ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, nikajipaka kwa mswaki wa zamani. Nilingoja nusu saa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisha nikasuuza. Foronya zangu zilikuwa nyeusi. Masikio yangu pia, siku mbili tatu za kwanza. Mvua ikinyesha nilikuwa mtu wa kwanza kukimbia, na kwenye michezo ya shule nilisimama kivulini nikiogopa jasho. Mume wangu hakusema neno, ila mara moja alinunua mto mweusi akauweka upande wangu wa kitanda.

Jumamosi moja nilisahau kujaza ndoo. Nilikuwa nimeshajipaka, nusu saa imekwisha, nikafungua mfereji. Ukakohoa, ukatema matope kidogo, ukanyamaza. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Akachukua jerikeni akatoka mbio kutafuta maji. Ila njiani, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikutana na mwenzake wa kazi mwenye tatizo la injini, na mume wangu akisikia neno injini husahau hata jina lake mwenyewe.

Saa nzima ikapita. Kisha hodi ikapigwa mlangoni. Nilijua ni yeye. Nikafunga kitambaa kichwani, nikafungua mlango kwa kishindo, ulimi umeshanoleka. Alikuwa mwalimu mkuu wetu, mama mnene mwenye heshima zake, ameniletea karatasi za mtihani.

"Habari za asubuhi, mwalimu," akasema.

"Nzuri sana, madam. Karibu."

Akaketi, akaanza kunieleza habari za mtihani. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, polepole. Jua lilikuwa limepasha bati, nami nilikuwa natoka jasho la woga. Nikahisi kitu chenye ubaridi kinateremka shavuni. Mwalimu mkuu akanyamaza katikati ya sentensi. Akainama mbele, akanitazama.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mbona unavuja wino?"

Mume wangu akaingia wakati huohuo na jerikeni begani, akapiga kelele, "Min nyithindo, mama watoto, maji haya hapa, toa hiyo rangi!" Kwa wiki nzima nilifundisha nikiwa na mstari mweusi kwenye paji la uso. Mwalimu mkuu hakulitaja jambo hilo shuleni hata siku moja, na kwa hilo nilimpenda.

Ungedhani ningekoma hapo. Sikukoma mpaka mwili wenyewe ulipokataa. Mwaka wa tisini na moja nilijipaka kama kawaida, na Jumapili nikaamka kichwa kinawasha na macho yamevimba kama ya chura. Daktari akasema ngozi yangu imechoka na rangi, nisiiguse tena. Mama akapata habari, akaja kwa basi la kwanza. Alinikuta kitandani, kitambaa cha maji baridi usoni. Akaketi pembeni yangu, akakichovya tena kitambaa majini, akakirudisha usoni.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "nani alikudanganya kwamba mvi ni ugonjwa?"

"Wewe ulinicheka, Mama. Kule kliniki. Ukanicheka kila mahali."

Akashusha pumzi. "Nilicheka kwa sababu nilikuwa na wivu."

Nilitoa kitambaa usoni ili nimwone. Niliona kidogo tu, kwa jicho moja.

Akaniambia. Kanisani kwao, viti vya mbele upande wa akina mama ni vya wazee. Zamani kila mtu alimjua. Lakini wasichana wanaopanga watu siku hizi ni watoto wa juzi, wao hutazama kichwa tu. Kichwa cheupe, mbele. Kichwa cheusi, nyuma, pamoja na mama wachanga na watoto wanaolia. "Nimezaa watoto saba. Nimemzika mume. Halafu katoto kananiambia, auntie, songa nyuma. Na kule mbele nawaona wamekaa watu niliowabeba mgongoni wakiwa wachanga! Wanaletewa chai kwanza. Mimi hata kikombe kikinifikia, sukari imeisha."

Nilianza kucheka, na macho yakaniuma.

"Usicheke. Nimezingoja hizo mvi miaka ishirini. Wewe unaletewa bure, unazipaka matope." Akanigusa kichwa kwa vidole vyake vikavu. "Hizi si zangu. Ni za baba yako. Siku aliponioa alikuwa nazo tayari, hapa mbele, kama zako. Dada zangu walisema naolewa na mzee. Mimi nilimwona tu kama mtu aliyepita chini ya mti wenye maua. Siku ile kliniki, ulipokaa kwenye kile kiti ukiwa na hasira, nilimwona yeye kabisa. Alikuwa akikasirika hivyohivyo."

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Ninayemkumbuka alikuwa na kofia sikuzote. Sikuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na mvi.

Uvimbe uliposhuka, mimi na Mama tulikwenda kwa msusi aliyekuwa na kibanda cha mbao Nyamasaria, kando ya barabara. Nikamwambia akate kila kilichopakwa rangi, abakishe kilichoota chenyewe. Alisitasita, akaniuliza kama nimefiwa. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyekufa, kuna aliyefufuka. Mkasi ukaanza kulia. Nywele nyeusi zikaanguka mabegani na chini, na kwenye kioo akatokea mwanamke mwenye kichwa kifupi, cheupe mbele na kijivu nyuma, masikio yake yote mawili yakionekana. Nilimtazama sana. Alikuwa na shingo nzuri. Sikuwa nimejua.

"Ee!" akasema msusi. "Kumbe!"

Mama akasogea karibu na kioo. "Na mimi je? Huna dawa ya kunifanya kama huyu?"

"Iko, mama, lakini haitakutoa nyeupe. Itakutoa kama nywele za mahindi."

Mama alilifikiria jambo hilo kwa uzito. Alitazama kioo, akajigusa nywele, akanitazama mimi. Nilishika tumbo nikingoja jibu lake.

"Hapana," akasema kwa masikitiko. "Watasema nimekuwa mzungu, na bado nitakalishwa nyuma."

Tulipotoka, mvua ya jioni ilikuwa imeanza. Watu walikimbilia vibarazani. Mimi nilitembea. Matone yalinipiga kwenye ngozi ya kichwa moja moja, baridi na safi, na Mama akanifuata akiwa amejifunika leso, akinigombeza kwamba nitaugua, huku mwenyewe anacheka.

Jumatatu shuleni watoto walinyamaza nilipoingia darasani, kisha msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza kama anaweza kugusa. Nikawapangia foleni, wote wakagusa. Mwalimu mkuu akanipita kwenye varanda, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. "Sasa wageni wakija," akasema, "watajuaje mwalimu mkuu ni nani?"

Desemba ya mwaka huo nilikwenda kwa Mama, na Jumapili tukaenda kanisani pamoja. Mlangoni alisimama msichana mwenye utepe wa buluu kifuani. Alinishika mkono kwa heshima, "Karibu, mama, twende mbele," na kwa mkono wa pili akamwashiria Mama. "Auntie, wewe pale nyuma kuna nafasi."

Mama akanitazama.

"Sikiliza, binti," nikasema. "Huyu ni mama yangu."

Msichana akamtazama Mama, akanitazama mimi, akatafuta jibu la adabu. "Mama mdogo? Yule baba alioa baadaye?"

"Mama mzazi. Aliyenizaa mimi."

Sauti yangu ya darasani ilikuwa imejitokeza yenyewe, na kanisa zima likageuka. Kule mbele bibi mmoja mwenye kichwa cheupe kama pamba akainuka kwa msaada wa fimbo, akapaza sauti kwa lugha yetu, Dholuo, kwamba mwanamke huyo alimbeba mgongoni siku za nzige, na kama hakai mbele basi na yeye anahamia nyuma. Bibi wa pili naye akainuka. Wa tatu akasema hata chai wahamishe. Watu walicheka hadi mchungaji akaweka Biblia chini apanguse macho.

Mama hakuharakisha. Alitembea katikati ya kanisa kwa hatua za bi harusi, akafika benchi la kwanza, akalipangusa kwa leso ingawa lilikuwa safi, akakaa katikati kabisa. Nikakaa karibu naye. Wakati wa sadaka ngoma ilipopigwa, aliinuka wa kwanza, magoti na yote, akacheza kwenda na kucheza kurudi, nami nikimfuata nyuma kichwa wazi, mabega yakifanya kazi ambayo sikuwa nimeyapa tangu nilipoolewa. Baada ya ibada chai ilianzia kwake. Akatia sukari vijiko vinne, akaikoroga kwa kelele makusudi.

Niliporudi Migosi siku ya pili, mume wangu alikuwa barazani amezungukwa na vipande vya injini. Aliniuliza ibada ilikuwaje. Nikamwambia avute kiti, nami nikavua viatu, maana miguu ilikuwa bado inauma kwa kucheza, nikaanza kumsimulia.