Karatasi ya Dhahabu Juu ya Udongo Mbichi

Namsifu Mungu aliyetupitisha mpakani Kobero tukirudi nyumbani kutoka kambi ya wakimbizi, watoto wetu wote wakiwa hai, akatupa shamba Giteranyi na paa la kulalia chini yake. Namsifu pia kwa kunivumilia, maana nitakayoeleza yalinichefua, na mtu aliyechefuka hasemi kwa upole.

Karatasi ile niliiona kwanza Gitega, katika chumba alichopanga binti yetu wa mwisho mtaa wa Magarama, alikokuwa akishona nguo. Tulikwenda kumtembelea, mimi na mama yake. Alipofungua mlango nikadhani tunaingia ndani ya debe la mafuta. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa karatasi ya rangi ya dhahabu yenye maua ya fedha, inang'aa mpaka macho yanauma. Kila nilikogeuka niliuona uso wangu umepinda, kinywa kimepanda hadi sikioni. Hata maharage aliyotupakulia yalionekana manjano, kama macho ya mgonjwa wa ini.

"Baba, mbona huli?"

"Nakula. Ila wazee mia wananitazama ukutani."

Mama yake alicheka. Binti yetu hakucheka. Alitueleza kwamba wazee wa mchumba wake, watu wa hapo hapo Gitega, wangekuja kwetu Giteranyi kumposa, na alitaka sebule yetu ibandikwe vilevile.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Shangazi yake anatuita watu wa kambini. Amesema mtoto wao haoi msichana aliyekulia kwenye hema. Akikuta kuta za udongo, atainuka kabla hamjasalimiana."

Sebule ile niliijenga kwa mikono yangu, tofali mbichi baada ya tofali mbichi, mwaka ule tuliorudi. Sala yetu ya kwanza ya shukrani tuliisali humo, hata mlango haujawekwa. Sasa mtoto wangu alitaka kuificha kama mtu anavyoficha kidonda. Nilikataa. Njiani mke wangu akaniambia, "Wewe unachukia karatasi. Yeye anataka kuolewa. Kipi kizito?" Tulipofika nyumbani nikamwambia ampigie simu binti yetu, alete fundi.

Fundi alikuwa Mkongo wa Kivu, yuleyule aliyebandika Magarama. Binti yetu alifika naye wiki moja kabla ya wageni. Kumbe siku mbili nyuma mke wangu alikuwa ameisiriba sebule upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kama afanyavyo kila tunapongoja wageni wa heshima. Fundi akaweka kiganja ukutani.

"Papa, ukuta iko na maji. Tungoje ikauke."

"Wageni wanakuja Jumamosi," binti yangu akasema. "Bandika."

"Mi nabandika. Lakini hii karatasi haipumue, ee? Kesho musiseme fundi iko mubaya."

Hakumaliza hata ukuta wa pili, gundi ikaisha. "Ukuta yenu inakunywa koli kama mulevi!" akasema, akitikisa kopo tupu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni letu sisi tuliorudi. Kambini tulibandika magazeti na maboksi kwenye kuta za vibanda vyetu kwa uji mzito wa muhogo, yakakaa miaka. Nikamwambia mke wangu apike sufuria kubwa.

"Papa, unalisha ukuta?" fundi akauliza, akicheka.

Nilimwambia apake tu. Sikukumbuka kwamba kambini kuta zilikuwa kavu, gazeti lilipitisha hewa, na moshi wa jiko ulifukuza wadudu. Karatasi hii ilikuwa na ngozi ya plastiki. Tulifungia unyevu, kinyesi na chakula nyuma yake.

Siku ya tatu harufu ikaanza, harufu ya muhogo uliolowekwa ukasahauliwa. Siku ya tano karatasi ilikuwa na malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole, likacheza kama tumbo la chura. Nikachana pembe kidogo nione. Nyuma kulikuwa na ukungu mweusi, ute wa kijani, mende wanalamba, na funza weupe wanapinduka ndani ya uji wangu. Nilitapika palepale mlangoni.

Nilitaka kubandua yote, lakini karatasi ilikuwa inatoka na lipu, ukuta unabaki mashimo. "Iache, Baba," binti yangu akalia. "Wakae mara moja tu, waondoke." Akapigilia vijiti pembeni mwa karatasi isibanduke, mama yake akatundika majani ya mchaichai. Harufu ikazidi kuwa mbaya, maana sasa zilikuwa mbili.

Jumamosi wageni wakaketi. Nikawakaribisha kwa tabasamu. Msemaji wao akaanza maneno ya kuzungukazunguka, jinsi ilivyo desturi, kuhusu safari yao ndefu na ua waliloliona kwetu, yaani binti yetu. Shangazi alizitazama kuta, nikaona zimempendeza. Lakini chumba kilijaa watu, joto likapanda, na lengelenge lililokuwa juu yake likapasuka. Uji na funza vikamwangukia begani.

"Yesu wangu! Kimeoza nini humu?"

Binti anayeposwa hukaa chumba cha ndani mpaka aitwe. Wetu alitoka bila kuitwa, akapiga magoti, akayafuta mavazi ya yule mama kwa kiganja chake kitupu.

"Ni mimi, Shangazi. Niliogopa uone udongo. Nyumba yetu ni ya udongo."

"Udongo naujua, nimezaliwa ndani yake," shangazi akasema, amebana pua. "Huu uchafu ndio siujui. Tutoeni nje!"

Tukabeba mabenchi hadi uani, karibu na migomba. Wageni walinong'onezana kwa muda mrefu kuliko sala yoyote niliyowahi kusali. Mwishowe msemaji akarudi kwenye maneno yake kuhusu ua, na shangazi hakumzuia. Binti yetu aliposwa siku ile. Lakini yule mama hakugusa chakula chetu, hata soda aliirudisha, na mimi simlaumu.

Jumatatu niliibandua karatasi kwa jembe, binti yangu akinisaidia, pua tumezifunga vitenge. Haikukubali kuungua vizuri, ikatoa moshi mweusi unaonuka, basi tukaichimbia shimo. Mpaka leo kinachonichefua kuliko wale funza ni mimi mwenyewe, mzee anayefundisha watu neno la Mungu, niliyekaa chini ya uozo ule nikijua ulipo, nikawaambia wageni wajisikie nyumbani.

Ewe unayesoma, Bwana akupe nyumba unayoweza kuifungua bila kuficha kitu, na wageni watakaokula mezani pako. Amina.