Bamba la Tundu Sita

Harufu ya oili chafu ya gari ikinifikia, hata leo, meno yangu yanakazana. Mwaka ule wa enzi ya Zaïre nyumba yetu ya Kadutu ilinuka oili kuanzia uani hadi kwenye sufuria za Maman. Papa, karani ambaye mikono yake ilijua mashine ya kuandika tu, alikuwa amenunua kombi bovu na kuapa kwamba litambeba dada yangu Nzigire pamoja na kiti chake cha magurudumu. Polio ilimchukua Nzigire miguu akiwa na miaka mitatu. Papa alimbeba mgongoni hadi shule mpaka darasa la sita, lakini mtihani wa kuingia sekondari ulifanyiwa upande wa pili wa mji, na mgongo wa Papa ulikuwa umechoka. "Article quinze," alisema, yaani kila mtu ajitafutie njia, sheria ya mzaha ambayo sote tuliishi kwayo. Aling'oa viti vya nyuma. Alikata mabomba ya kitanda chake mwenyewe yawe bawaba za ngazi ya kupandia, na Maman akalala mkekani akinung'unika. Ngazi yenyewe ilikuwa bamba moja la chuma kinene. Nzigire alipima kwa katoni mahali pa kutoboa, Papa akatoboa tundu sita za bolti kwa keke ya mkono, siku mbili nzima, jasho linamtoka. Tundu la tano lilikwenda upande. "Papa, ile ya tano imelewa," Nzigire alisema, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kazi moja ilimshinda Papa, nayo ni kuchomelea mabomba kwenye bamba. Akapeleka gari na bamba kwa Tonton Mugisho, mwenye gereji pale chini ya barabara, rafiki yake waliyekaa naye benchi moja kanisani. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Siku ya tatu tulirudishiwa kombi limefungwa ngazi inayong'aa rangi nyeusi, vipande vya tairi vimepigwa juu yake ili magurudumu yasiteleze. Papa alishukuru sana. Maman alimpelekea Mugisho kuku mzima, na mimi ndiye niliyembeba.

Asubuhi ya mtihani, mbele ya lango la shule, Papa alishusha ngazi, akaanza kumteremsha Nzigire. Ikapinda katikati kama ganda la ndizi. Chini ya ile rangi kulikuwa na bati jembamba. Nzigire aliangukia mkono wa kulia, nikausikia ukivunjika, na wenzake wakaingia darasani wakigeuka-geuka kumtazama. Mtihani ukampita. Papa alipokwenda kuuliza, Mugisho alijifuta mikono taratibu. "Ndugu," alisema, "mutoto yako iko muzito sana. Nitafanya nini?" Nzigire, ambaye mimi mdogo wake niliweza kumnyanyua! Tangu siku hiyo nilisali rozari nikiwa na ombi moja tu, na halikuwa ombi la kumwambia padri.

Lilijibiwa siku ya Salongo. Kila Jumamosi, nani asiyekumbuka, mtaa mzima ulitolewa nje na majembe kufanya kazi ya lazima. Jumamosi hiyo mkuu wa mtaa aliamuru mifereji yote ifunuliwe, pasibaki ubao wala chuma, tope litolewe. Mbele ya gereji palikuwa na kidaraja ambacho magari yalipitia juu ya mfereji, kimefunikwa udongo. Nikakwangua kwa jembe. Chuma kinene. Nikakwangua tena, nikaliona tundu la tano, limelewa vilevile.

"Papa! Bamba yetu!"

"Hiyo ni daraja yangu!" Mugisho alipiga kelele. Papa alinituma nyumbani kuchukua ile katoni aliyopimia Nzigire, akailaza juu ya chuma mbele ya mkuu na mtaa mzima, tundu kwa tundu, zikalingana zote isipokuwa ile ya tano iliyolewa. Watu wakaguna. Mkuu alisema mfereji lazima ufunuliwe, na mwenye bamba achukue bamba lake. Wanaume wanne wakalibeba. Magari ya wateja yakabaki yamefungiwa ndani ng'ambo ya mfereji, na kwa wiki nzima nilipita pale kila jioni kumwangalia Mugisho akitukanwa. Nilinunua karanga, nikakaa, nikala. Sijawahi kula karanga tamu kama zile.

Nzigire alifanya mtihani mwaka uliofuata, akashinda. Leo ni mwalimu, ingawa mkono wake haukunyooka tena. Nasikia siku hizi kuna magari ya kupandishia viti kwa kubonyeza kidude tu. Sisi tumebadilisha kombi mara tatu, bawaba sijui mara ngapi, lakini bamba ni lile lile, na dereva ni mimi. Mugisho alipooza upande mmoja, na sasa yeye pia yuko kwenye kiti cha magurudumu. Gari la ngazi mtaani ni letu tu, basi kila Jumapili tunampeleka misani bure. Padri ametusifu hadharani kwa moyo wetu wa kusamehe, na watu wakapiga makofi. Hawasikii Nzigire anachomwambia Mugisho kila Jumapili, kwa upole, magurudumu ya kiti cha mzee huyo yakifika kwenye tundu la tano:

"Tonton, uko muzito sana. Lakini usiogope, hii chuma unaijua."

Naye huinamisha macho. Sisi tutakuwepo tena Jumapili ijayo.